Nani Aliruhusiwa Kufungua Duka?

Neno duka lina umri mkubwa kuliko Nairobi yenyewe. Waarabu wana dukkan, Wahindi wana dukan, na miji ya Pwani kama Mombasa na Lamu ilikuwa na maduka yake zamani sana, kabla mtu yeyote hajawaza kujenga mji juu ya tope la Enkare Nairobi. Reli ilipopanda bara, neno likapanda nayo. Leo nyanya wa Kikuyu akienda kununua chumvi anaenda nduka, na hakuna anayemuuliza neno hilo alilitoa wapi.

Neno liliingia bila shida. Watu ndio waliopata shida. Kwa zaidi ya miaka mia moja, swali kubwa la biashara ndogo katika jiji hili halijakuwa nani ana mtaji au nani ana bidii. Limekuwa: nani ameruhusiwa kuuza, na ameruhusiwa kuuzia wapi?

Swali hili lilinijia kwa miguu. Nina mazoea ambayo marafiki zangu wanasema ni ya kizee: Jumamosi, badala ya kwenda jumba la maduka lenye eskaleta na chipsi za mia nne, natembea tao kutafuta maduka madogo. Duka la vifungo na zipu. Duka la kurekebisha saa. Duka la viungo ambalo unalinusa kabla hujaliona. Ukitembea hivyo kwa muda unaanza kuona mpangilio. Biashara Street ni vitambaa, leso, vikoi, mashuka, sare za shule na nguo za watoto wachanga. Luthuli Avenue ni redio, televisheni na spika. Kirinyaga Road ni vipuri vya magari na mafundi waliojaa grisi. River Road ni kila kitu kingine. Eastleigh ni jiji ndani ya jiji. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua iwe hivyo, lakini pia haikutokea hivi hivi tu.

Siku moja pale Biashara Street niliinua macho juu ya ubao wa duka, nikaona kitu ambacho wengi hatukioni kwa sababu tunaangalia simu na mifuko yetu. Juu ya majengo mengi ya zamani ya upande huo wa mji kuna jina la familia na mwaka, vimechongwa kwenye simiti. Mwenye jengo alitaka tujue kwamba alikuwa hapa, na alianza lini. Nilijiuliza ni nini kilimfanya mtu aandike jina lake kwa simiti badala ya rangi. Baada ya kusoma historia kidogo nadhani najua. Aliyeandika kwa rangi alikuwa ameshafutwa mara moja.

Tuanze na reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na vyuma vikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao mikataba ilipoisha, wengine walikufa, na takriban 6,700 wakabaki. Watu wengi husema hao waliobaki ndio walioanzisha maduka yetu. Si kweli kwa kiasi kikubwa. Wenye maduka wengi walijilipia nauli yao wenyewe, wakitoka Gujarat na Kutch, mara nyingi wakimfuata mjomba au binamu aliyekuwa ametangulia Zanzibar au Mombasa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Alidina Visram. Alifika pwani ya Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo kutoka Kutch katika miaka ya 1860, akajifunza biashara Bagamoyo, na reli ilipokuwa ikijengwa akawa anafungua maduka kandokando yake hadi Uganda. Alipokufa 1916, jina lake lilijulikana kutoka Pwani mpaka Ziwa Victoria, na hadi leo shule moja Mombasa inaitwa kwa jina lake.

Lakini jinsi biashara hii ilivyoendeshwa inanivutia kuliko utajiri wa Visram. Mfanyabiashara mkubwa wa Mombasa alimpa kijana wa ukoo wake bidhaa kwa mkopo: kitambaa cha amerikani, shanga, chumvi, sukari, viberiti, mafuta ya taa. Kijana akapanda treni, akashuka kituo chochote, akasimamisha chumba cha mabati. Mbele aliuza, nyuma alilala. Aliuza kwa rupia, maana sarafu ya nchi hii ilikuwa rupia hadi karibu 1920, na pale pasipokuwa na rupia alipokea ngozi, mahindi au samli. Mwisho wa msimu alituma pesa Mombasa na kuletewa mzigo mwingine. Hapakuwa na benki katikati. Kulikuwa na daftari, na kulikuwa na aibu: ukimwibia mjomba wako, taarifa inafika kijijini kwenu kabla hujafika wewe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Indian Bazaar ya Nairobi, mtaa wa mabati na mbao uliojaa watu, bila mitaro ya maana, kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi. Mwaka 1902 tauni ikaingia. Jibu la wakubwa wa mji lilikuwa kuuchoma mtaa wa maduka, bidhaa na vyumba vyote. Tauni ilirudi tena miaka iliyofuata, na kila iliporudi lawama ilielekezwa kwa watu waliokuwa wakiishi humo, si kwa waliokuwa wameupa mji eneo bovu bila mfumo wa maji machafu.

Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, aliandika ripoti iliyopendekeza mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Ilivalishwa koti jeupe la daktari, lakini ndani ilikuwa ni siasa ya ardhi. Wazungu wakae mahali pa juu penye upepo. Wahindi wakae na biashara zao katikati. Waafrika wawe mashariki, ng'ambo ya mto, karibu na reli na maji taka. Ukichukua ramani ya Nairobi ya leo na kuuliza kodi ya nyumba ni pesa ngapi mtaa kwa mtaa, utaona mistari hiyo bado ipo.

Watu hawakukubali kimya kimya. A.M. Jeevanjee, tajiri kutoka Karachi aliyekuwa akiipatia reli wafanyakazi na chakula, alijenga soko, akaanzisha gazeti la African Standard, na 1906 akaupa mji bustani ambayo sisi tunaijua kama Jeevanjee, pale tunapokaa kula njugu na kusikiliza wahubiri. Yeye na wenzake walipigania haki za Waasia kwa miaka mingi. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka unaojulikana kwa jina la Devonshire, ulioachana na ubaguzi wa kisheria wa makazi mjini. Lakini waraka huohuo ukaacha nyanda za juu, ile ardhi yenye rutuba, mikononi mwa Wazungu peke yao.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini Mhindi wa Kenya akawa mtu wa duka. Tunapenda kusema ni damu, ni utamaduni, ati wanazaliwa wakijua kuhesabu. Angalia tena. Shamba hakuruhusiwa. Ofisi kubwa hakuruhusiwa. Duka aliruhusiwa. Mtu aliyefungiwa milango mitatu akabaki na mmoja, usishangae akiingia kwa huo mmoja na watoto wake wote, akautengeneza vizuri, akaandika jina lake juu kwa simiti.

Mombasa kuna Biashara Street nyingine, na huko biashara ya leso ina historia yake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza karne ya 19, ndilo lililoipa Pwani leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Abdulla huyu hutajwa mara nyingi kama aliyeanza kuweka misemo ya Kiswahili kwenye leso, mapema karne ya 20. Fikiria hilo kidogo: familia yenye asili ya India, kitambaa kutoka kiwandani ng'ambo, maneno ya mwanamke wa Kiswahili anayemsema jirani yake bila kufungua mdomo. Wateja ndio waliojua msemo upi unauma. Mwenye duka alikuwa na akili ya kusikiliza.

Sasa, Mwafrika alikuwa wapi katika hadithi hii? Alikuwa upande wa pili wa kaunta.

Usidhani hakujua biashara. Akina mama Wakikuyu na Wamaasai walikuwa wakifanyiana biashara hata nyakati ambazo wanaume wao walipigana, na Wakamba walikuwa wamepeleka misafara Pwani muda mrefu kabla ya reli. Tatizo lilikuwa sheria. Tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni kulikuwa na sheria za kuzuia Waafrika kukopeshwa. Kwenye karatasi zilisema zinamlinda "mwenyeji" asiingie kwenye madeni. Kwa vitendo zilisema hivi: mfanyabiashara wa jumla akikukopesha mzigo na usilipe, mahakama haitamsaidia, kwa hiyo afadhali asikukopeshe. Kumbuka yule kijana wa Kutch na chumba chake cha mabati. Alianza na nini? Mkopo wa bidhaa. Mwafrika aliyekuwa na akili ileile na bidii ileile alinyimwa kitu kilekile kilichomwinua mwenzake. Ongeza kipande shingoni, kilichoamua nani akae mjini na kwa muda gani, halafu uje uniambie habari ya vipaji.

Hata hivyo maduka yalizaliwa. Pumwani, Kariokor, baadaye Kaloleni na mitaa mingine ya Eastlands, Waafrika walipanga vyumba vya maduka na vibanda vya soko vilivyomilikiwa na halmashauri ya mji. Kariokor lenyewe ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia; ulimi wetu ulilitafuna Kiingereza mpaka likawa neno la mtaa. Baada ya Vita vya Pili, askari waliorudi na akiba kidogo walijaribu duka, hoteli ya chai, lori. Halafu Aprili 24, 1954 ikaja Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji, wakawapekua Waafrika mtaa kwa mtaa wakitafuta Mau Mau, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Ukimkamata mwenye duka, umelifunga na duka. Mzigo unaoza, kodi inakatika, chumba kinapewa mwingine. Katika vitabu Anvil ni habari ya vita. Mimi naisoma pia kama siku ambayo jiji lilifuta kizazi cha maduka.

Neno kanjo nalo lilizaliwa katika ulimwengu huo. Ni council tu, imevaa nguo za Eastlands. Kwa mchuuzi wa Nairobi halikuwahi kumaanisha barabara na taa. Lilimaanisha kimbia.

Uhuru ukaja Desemba 1963 na majina yakabadilika. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Grogan Road ikawa Kirinyaga Road. Bazaar Street ikawa Biashara Street. Hili la mwisho halikumpa heshima mtu yeyote mkubwa. Lilisema tu watu wanafanya nini hapo.

Waasia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Baadhi waliomba, wengine walisita wakiwa na pasipoti za Uingereza mfukoni. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kufanya kazi, na alizuiwa kufanya biashara nje ya maeneo fulani ya miji, au kuuza bidhaa fulani za kawaida. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1968 familia nzima zilijaa uwanja wa ndege, zikikimbizana na Uingereza, ambayo Machi 1968 ilipitisha sheria yake ya haraka ya kuwafungia mlango watu wenye pasipoti yake yenyewe.

Naelewa kwa nini serikali ilifanya hivyo. Nchi iliyopata uhuru huku karibu kila duka la maana likiwa si la Mwafrika ilikuwa na kidonda cha kweli. Ilikuwa haki kudai mlango ufunguliwe. Serikali iliunda mashirika, ikatoa mikopo kupitia ICDC, ikaanzisha KNTC isambaze sukari na bidhaa nyingine kupitia wafanyabiashara Waafrika. Wapo waliosimama kwa njia hiyo na wakasimama vizuri. Lakini leseni ilikuwa bado ni karatasi inayotolewa na mtu, na aliyekuwa karibu na mtu huyo alipata mapema. Swali la mkoloni lilikuwa: wewe ni rangi gani? Swali jipya lilikuwa: wewe unamjua nani? Mama wa Kariokor aliyekuwa akiuza viondo tangu kabla ya Uhuru hakuwa na jibu zuri kwa lolote kati ya hayo mawili.

Waliobaki Biashara Street walibaki na kumbukumbu nyingine: Agosti 1, 1982. Jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga lilishindwa ndani ya saa chache, lakini katika saa hizo maduka ya Waasia jijini yalivunjwa na kuporwa, na familia zilivamiwa majumbani. Zungumza na mwenye duka yeyote wa umri huo. Atakuonyesha vyuma vya mlango kabla hajakuonyesha vitambaa. Kuna duka moja ninalopenda kuingia, kaunta yake ya mbao imechakaa pale ambapo mikono imesugua kwa miongo mingi, na mzee mwenyewe huniita beta huku akinipimia kitambaa. Nilimuuliza mara moja kama hakuwahi kufikiri kuhama. Hakunijibu moja kwa moja. Alininyooshea kidole daftari lake na kusema watu bado wana deni lake humo, ataondokaje?

Nilicheka. Baadaye nikaona hakuwa anatania sana. Deni ni kamba, na inavuta pande zote mbili.

Miaka ya 1990 ilileta mapinduzi ambayo hayakutangazwa redioni. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia 1991, na Wasomali waliokimbia vita wakafika Eastleigh, mtaa ambao Waasia na Wasomali walikuwa wameujua tangu nyakati za ukoloni. Nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikawa soko: mchana, chumba cha kulala kinageuka duka, bidhaa zimetandazwa kitandani. Mfano huo ukaenea. Wakati huohuo uchumi ulifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vya nguo kama KICOMI ya Kisumu vikayumba na kufunga. Gikomba ikawa na lugha yake. Bale likifunguliwa, za kwanza zinaitwa kamera, zile safi zinazoonekana kama hazikuwahi kuvaliwa, na mwenye butiki anayejua kazi yake anakuwa pale alfajiri kuzichagua. Vitu vizuri tunavyovionea wivu mitandaoni saa nne asubuhi vilichaguliwa kwa tochi ya simu saa kumi na moja.

Katikati ya jiji ikaja eksibisheni. Mwenye jengo aligundua kwamba duka moja kubwa linaweza kukatwa vipande ishirini, kila kipande na mlango wake wa kioo na sanamu mbili zisizo na kichwa zimevaa jinzi. Kila mpangaji analipa kodi yake, na kabla ya kodi analipa gudwili, pesa ya kuingia ambayo hairudi. Wasichana wa rika langu na dada zao wakubwa walichanga kwenye chama, wakapanda ndege kwenda Dubai, baadaye Guangzhou na Istanbul, wakarudi na mabegi. Stoli hizo ndogo ndizo zilizofungua tao kwa watu ambao baba zao waliruhusiwa kupita tu. Mtoto wa Dandora ana anwani kwenye Moi Avenue. Hilo si jambo dogo. Babu yake angehitaji kibali.

M-Pesa ilipoanza 2007, hata kibanda cha mtaani kikawa benki ndogo. Na kibanda hicho ndicho chenye hekima ambayo supamaketi haijaipata: uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupikia ya bob ishirini. Sukari robo. Sabuni ya kipande kilichokatwa kwa uzi. Maziwa ya leo, pesa ya kesho. Wachumi huandika kwamba masikini hulipa zaidi kwa kununua kidogo kidogo, na ni kweli ukipiga hesabu kwa kilo. Lakini anayelipwa kwa siku haishi kwa kilo. Anaishi kwa jioni, na jioni inahitaji bob ishirini ya mafuta sasa hivi.

Hizo supamaketi zenyewe tunazosema zinaua maduka zilianza kama maduka. Nakumatt ilitokana na duka la magodoro Nakuru. Naivas ilianzia Rongai, kule Nakuru, kama biashara ya familia. Nakumatt ilikua hadi ikawa alama ya tabaka letu la kati, halafu kuanzia 2017 rafu zikawa tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Wasambazaji waliodai walikuwa wameikopesha bidhaa, kama vile yule mfanyabiashara wa Mombasa alivyomkopesha kijana wa ukoo wake. Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na kijiji cha kumwonea aibu mtu. Daftari bila aibu ni karatasi tu.

Mwanzoni mwa 2023, China Square ilifungua duka kubwa kwenye barabara ya Thika na kuuza kwa bei ambazo wafanyabiashara wa Nyamakima na Kamukunji hawangeweza kuzifikia. Watu walipanga foleni kununua. Wiki chache baadaye wafanyabiashara waliandamana tao wakidai Wachina warudi kwenye viwanda na kuwaachia duka. Nilisikiliza hoja zao na nikahisi nimezisoma mahali. Mgeni anachukua riziki yetu, anatuma pesa kwao, serikali imlinde mwananchi: ni maneno ya 1967. Si kwamba waandamanaji hawakuwa na sababu. Mtu aliyelipa gudwili kwa mkopo wa chama hawezi kushindana na anayeleta kontena kutoka kiwandani. Lakini mteja aliyepanga foleni kule naye ni mwananchi, na mara nyingi ni mama yuleyule wa bob ishirini.

Halafu kuna jambo ambalo sisi vijana hatupendi kulizungumzia. Juni 25, 2025 tulikumbuka wenzetu waliouawa mwaka mmoja kabla. Watu wengine waliuawa siku hiyo pia, na hilo ndilo la kwanza kusemwa. Lakini jioni hiyo stoli nyingi za tao zilikuwa zimevunjwa na kuporwa. Simu, viatu, wigi, vyote. Asubuhi iliyofuata wenye maduka walisimama kwenye vioo vilivyovunjika wakitafuta chochote cha kuokota. Wengi wao walikuwa wa umri wetu. Baadhi walikuwa wameunga mkono maandamano, wamefunga mapema ili waende. Stoli ya futi sita kwa sita ni nadra kuwa na bima. Iwe walioiba ni wahuni waliotumwa, iwe ni watu waliopata nafasi, hasara ilimwangukia mtu ambaye jiji hili lilichukua karne nzima kumruhusu aingie. Ukiwa na hasira na wenye nguvu, duka la jirani si anwani yao.

Sisemi haya ili nikuhubirie ununue kwa mama mboga badala ya supamaketi. Nunua unapoweza, pesa ni zako na mwezi ni mrefu. Ninachosema ni kwamba duka dogo halijawahi kuwa kitu cha kawaida hapa, hata kama tunaliona kila siku. Limechomwa kwa jina la afya. Limefungwa kwa jina la usalama. Limenyang'anywa kwa jina la uzalendo. Limevunjwa kwa jina la usafi wa jiji, kama Mei 1990 pale Muoroto, karibu na Machakos Bus, ambapo vibanda na nyumba za watu vilibomolewa na wakazi wakapambana na askari. Sababu hubadilika kila kizazi. Anayefagiliwa ni yuleyule: aliye na mtaji mdogo na karatasi chache.

Na bado wanafungua. Hili ndilo linalonishangaza kuliko vyote. Asubuhi baada ya moto wa Gikomba, kabla majivu hayajapoa, watu huwa wameshapiga misumari kwenye mbao mpya. Watu hulisifu hilo wakiliita ustahimilivu, na mimi nalisifu pia, lakini sifa hiyo inachosha. Mtu hapaswi kuwa shujaa ili auze soksi.

Mtaani kwangu kuna kibanda cha mabati ya bluu kando ya barabara. Mama anayekiendesha anauza mkate, maziwa, vocha, mayai mawili mawili. Amejua watoto wa ploti nzima tangu walipokuwa wakitumwa wakiwa na pesa zimekunjwa ndani ya kiganja. Ana daftari la kurasa mia mbili, na ndani yake ni historia ya mtaa wetu: nani alifutwa kazi mwezi gani, nani alipata mtoto, nani alihama usiku bila kulipa, nani alirudi baada ya miaka miwili akalipa na akaongeza. Wiki jana kuna mtu alipita na ndoo ya rangi nyekundu akachora X kwenye ukuta wa kibanda. Barabara itapanuliwa, ndivyo tunavyosikia. Hakuna aliyemwambia aende wapi.

Nilipokwenda jana jioni kununua maziwa, nilimkuta ameegemeza kreti za soda kwenye ile X ili wateja wasiione. Akanipa maziwa, akaangalia simu, Lipa na M-Pesa ilikuwa inasumbua. Akafungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe, na akaandika jina langu.